Walivyotuuliza Rangi ya Lango

Miaka ile ya hamsini, mtu aliyetaka kukiona cheti changu cha shule ya jioni ilibidi kwanza anawe mikono. Kilikuwa na muhuri mkubwa kama sahani na sahihi mbili, moja ya mwalimu mkuu na nyingine ambayo mpaka leo sijui ni ya nani, lakini ilinipa heshima kutoka Ngong Road mpaka Kinoo. Mchana nilikuwa tarishi wa ofisi moja katikati ya mji, napiga baiskeli kupeleka barua Parklands na kurudi. Jioni nilisoma Kiingereza, hesabu na uraia. Katika uraia tulifundishwa jinsi watu huru wanavyokutana, wanavyosikilizana na kuamua mambo yao wenyewe. Somo lilikuwa zuri mno. Mwalimu alilifupisha kidogo tu, kwa sababu sote tulitakiwa kuonyesha vipande, vile vibali vya kazi, kwa askari tukirudi, na yule askari hakupenda kungoja.

Wakati huo ulikuwa wa Hali ya Hatari. Jirani zetu wengi wa Kikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori asubuhi moja, na vyumba vya nyuma vya majumba ya magharibi ya mji vikajaa watu wa kwetu, wa upande wa ziwa na milima yake, pamoja na watu wa Ukambani. Wakubwa wa mji walipoona wasemaji wamepungua, wakatangaza kwamba sasa wako tayari kusikiliza.

Ndipo likaundwa Baraza la Kushauri la Wafanyakazi wa Kiafrika wa Vitongoji vya Magharibi. Kulitaja jina lote bila kuvuta pumzi kulihitaji mtu aliyezoea kucheza mpira. Tulikutana Jumamosi moja ya kila mwezi, alasiri, katika ghala la mashine za kukatia nyasi, tukikaa kwenye mabenchi yaliyonuka petroli. Wapishi, mayaya, madereva, watu wa bustani, matarishi kama mimi. Kazi yetu ilikuwa kushauri. Kazi ya wakubwa ilikuwa kushukuru kwa ushauri. Kila upande ulijua kazi yake na hapakuwa na ugomvi.

Mwenyekiti alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa kampuni, mzee wa kanisa, mtu wa kofia. Alichaguliwa kwa sababu ya hiyo kofia. Mimi nilichaguliwa karani kwa sababu ya cheti, nikapewa daftari jeusi na penseli iliyochongwa pande zote mbili, ili nisiishiwe na maneno katikati ya historia.

Halafu alikuwapo Afisa. Kijana Mzungu, mwembamba, mpole, aliyetumwa kutusikiliza. Alikuwa amesomea Kiswahili kwenye kozi, kile safi kabisa cha pwani, kiasi kwamba sisi tuliozaliwa nchi hii tulihitaji mkalimani.

"Ndugu wajumbe," alianza kila mara, "niwieni radhi kwa kuwatwaa katika wasaa wenu adhimu."

"Amesema nini?" Mzee aliyeketi kando yangu alininong'oneza.

"Amesema hamjambo."

"Maneno yote hayo?"

Huyu Mzee ndiye mwenye habari hii, mimi ni mwandishi wake tu. Alikuwa mpishi kutoka Ukambani, mtu aliyepita makamo, mwenye mguu mmoja uliokuwa ukikataa baridi. Alipikia familia moja ya Kizungu huko Parklands. Chumba cha nyuma cha nyumba ile kilikuwa cha mbwa wawili waliotoka Uingereza kwa meli, na mbwa hao hawakutakiwa kuonyesha kipande, kwa hiyo walikuwa na haki zaidi ya kukaa. Mzee akawa analala ng'ambo ya bonde, Kileleshwa, katika chumba cha mpwa wake aliyekuwa mtu wa bustani. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alitelemka bondeni kwa njia ya miguu, akavuka mto kwenye ubao mmoja ulioinama katikati, akapanda upande wa pili. Dakika ishirini, na mguu wake ukiwa na hasira, ishirini na tano. Akawasha jiko, na saa kumi na mbili kamili chai ya memsahibu ikawa mlangoni.

Kwa barabara ilikuwa safari nyingine kabisa. Ilibidi aende mpaka katikati ya mji, azunguke, apande tena kuelekea Parklands, saa nzima na zaidi kwa mtu mzima wa miguu. Basi la kwanza lilifika wakati Wazungu wamekwisha kunywa chai na kuanza kumtukana. Na kazi ikiisha, kipande kingesema hana mwajiri, na mtu asiye na mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa Nairobi. Angepewa siku chache arudi kwao kutazama jua likikausha shamba. Alikuwa na watoto shuleni kule, na karo yao ilitoka katika ile chai ya saa kumi na mbili.

Sasa ile njia ya miguu ilipita pembeni mwa bustani za watu wakubwa, na watu wakubwa walikuwa wamelalamika. Hatukuiba kitu. Hatukukata ua. Kosa letu, kwa mujibu wa barua yao, lilikuwa kusalimiana.

Nakiri kosa. Mtu wa kwetu hawezi kukutana na mwenzake alfajiri akasema neno moja akapita kama gari moshi. Anauliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya ile mvua iliyobomoa nyumba, ya mama mkwe. Mtu wa Ukambani naye anajibu yote kwa utaratibu, kisha anauliza zake. Na kwa kuwa mmoja yuko juu ya kilima na mwingine bado yuko ubaoni, inabidi wapaaze sauti. Nasikia kuna bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akijua hali ya ng'ombe wa Kakamega kuliko daktari wa mifugo.

Basi mkutano wa kwanza wa jambo hili, Afisa alikuja na ramani. Aliitandika juu ya mashine ya kukatia nyasi, akaweka kidole.

"Hapa pana njia ya miguu. Hapa patasimamishwa lango. Wakubwa wa mji wangependa kupata rai yenu, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoliona kila siku. Je, lango lipakwe rangi nyeupe, au ya kijani?"

Ndugu msomaji, hakuna aliyewahi kutuuliza rangi ya kitu chochote. Sisi tuliishi katika vyumba vilivyopakwa rangi iliyobaki. Ghafla tukawa watu wenye macho. Ghala lilichemka.

Mwenyekiti akasimama, akavua kofia. "Mimi nasema nyeupe. Nyeupe ni usafi. Nyeupe ni mbinguni."

"Mbinguni hakuna matope," yaya mmoja akajibu kutoka benchi la nyuma. Alikuwa mama wa kwetu, mnene wa kicheko, aliyelea watoto wa nyumba tatu wakakua wote wakisema kwa lafudhi yake. "Nyeupe ikichafuka nani atatumwa kuisugua? Wewe na kofia yako?"

"Mama, tumheshimu mwenyekiti."

"Namheshimu. Nauliza tu kama anayo brashi."

Mtu mmoja akapendekeza buluu. Afisa akasema kwa masikitiko makubwa kwamba buluu haikuletwa mbele ya mkutano. Yule mtu akaketi, na kwa juma zima alitembea kama aliyefiwa. Watu wawili wa kijiji kimoja waliacha kusemezana, mmoja wa kijani, mwingine wa nyeupe. Tulijadiliana mpaka mashine za nyasi zikaanza kupata kutu. Niliimaliza penseli upande mmoja, nikageuza.

Mwishowe Mzee akaomba kusema. Hakuwa mtu wa kusema. Alisimama akiegemea mguu ule mzuri.

"Mimi naona kijani," alisema. "Asubuhi kule bondeni kuna ukungu mweupe. Mkiweka lango jeupe, mtu hataliona. Atagonga uso. Na mimi ndiye ninayepita wa kwanza."

Hoja nzito! Ghala zima likaguna kwa kukubali, na kijani kikashinda. Nikaandika neno kwa neno, nikijivunia jinsi Mzee wetu alivyoushinda mkutano kwa akili, akitetea uso wake usigonge lango ambalo, kama mmoja wetu angeuliza, lilikuwa linajengwa ili yeye asipite.

Hakuna aliyeuliza. Sikuuliza mimi, mwenye cheti cha uraia.

Afisa akashukuru. Na hapa ndipo tulipojimaliza. Kwetu sisi, na Ukambani vilevile, mgeni akimaliza kusema katika mkutano haachwi aketi kimya kama aliyetema mfupa. Anapigiwa makofi. Mwenyekiti aliinua mikono, akahesabu, nasi tukatoa makofi matatu, tena matatu, tena matatu, ya kupasua bati. Ni adabu. Mgeni ametoka kwake, amevaa viatu, amekuja. Nami katika daftari nikaandika kwa mwandiko wa kulalia: "Afisa alieleza habari ya lango. Wajumbe wote walipiga makofi kwa muda mrefu."

Niliupenda sana mstari huo. Niliusoma mara mbili peke yangu.

Baada ya majuma mawili hivi, nikiwa na kifurushi cha barua za Parklands, nilisukuma baiskeli kwenye ile njia nikamkuta Mzee amesimama upande wa Kileleshwa. Nguzo mbili mpya zilikuwa zimesimikwa, na waya wa miiba umevutwa huku na huku mpaka kwenye magugu ya mtoni. Kwenye nguzo moja palikuwa na karatasi.

"Karani," akasema, "nisomee hiyo. Niliacha miwani kwa mwenye miwani."

Nikasoma. Njia ingefungwa kwa wapita njia wote. Wafanyakazi watumie barabara. Na chini kabisa: jambo hili lilifikishwa mbele ya Baraza la Kushauri, likapokelewa na wajumbe wote kwa makofi ya muda mrefu.

Mzee aliushika ule waya kwa vidole viwili, kama mtu anayepima unga.

"Hayo ya mwisho," akasema, "nani ameandika?"

"Mimi, Mzee."

"Kwamba tulipiga makofi."

"Ndiyo."

"Lakini tulipiga kweli."

"Tulipiga."

"Basi hukusema uongo, mwanangu." Akageuka kushuka bondeni, kwa sababu lango lenyewe lilikuwa halijaletwa na chai ilikuwa inangoja. Alipofika ubaoni akasimama. "Mimi sikulipigia lango makofi. Nilimpigia mtu."

Kama angenitukana ningelala vizuri. Nilitiwa maneno na walimu watatu, nikajua maana ya "kumbukumbu" na "ajenda" na "hoja", na kwa elimu hiyo yote nikamfukuza mpishi kazini kwa mstari mmoja wa mwandiko mzuri.

Mkutano uliofuata, tulikuja tumejiandaa. Mimi nilieleza watu kwamba uraia unasema kumbukumbu za mkutano uliopita ni lazima zikubaliwe na mkutano huu, na kwamba tukizikataa, makofi yatakuwa hayakupigwa. Watu waliniamini kabisa. Cheti bwana. Nilisimama nikamweleza Afisa kwa Kiingereza changu cha Jumapili, na baadaye, kwa ajili ya wengine, kwa Kiswahili.

Afisa alinisikiliza kwa makini, akapekua karatasi zake. "Lakini makofi yalipigwa," akasema. "Nilikuwepo. Nilisikia."

"Yalikuwa ya adabu, bwana," nikasema.

"Naona. Lakini nilipoyasikia, yalisikika kama ya ridhaa."

Hapo yaya akainuka bila kuomba ruhusa ya mwenyekiti wala ya mtu yeyote. "Bwana Afisa. Mwezi ule wa kwanza ulipotuambia mama yako ni mgonjwa kule kwenu Uingereza, sisi tulifanya nini?"

Afisa akafikiri. Masikio yakaanza kuwa mekundu. "Mlipiga makofi," akasema.

"Tatu, tatu, tatu," yaya akasema. "Tulifurahi?"

Afisa alimtazama yule mama, akatutazama sote, na kwa mara ya kwanza tangu baraza lianze nikaona mtu anasikiliza, kwa maana ile ya mwalimu wa uraia.

"Anaendeleaje sasa mama yako?" Mzee akauliza kwa upole kutoka benchini.

"Amepona," Afisa akasema. "Ahsante."

Na watu, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Hata Mzee alipiga. Ndiye aliyeanza.

Nikaandika: "Wajumbe walifurahia afya ya mama yake Afisa." Safari hii nilieleza sababu.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mdogo katika ofisi kubwa, na hilo mimi tarishi nalijua kuliko profesa yeyote. Alisema lango haliwezi kuzuiwa, limekwisha kununuliwa na kupakwa kijani, kama tulivyoshauri. Lakini aliahidi kwenda kusema na wenye bustani. Alikwenda kweli. Akarudi mkutano wa tatu na jibu: wamekubali lango lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi na lifungwe saa kumi na mbili jioni, kwa wenye kazi tu. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwajiri mlinzi, ufunguo utakabidhiwa kwa baraza. Baraza lichague mtu wa kuushika. Akatoa fomu. Fomu ilikuwa na mistari miwili mitupu: Jina. Cheo.

"Kwa nini cheo?" nikauliza.

"Wenye bustani hawatamkabidhi ufunguo mtu asiye na cheo," Afisa akasema, na uso wake ukaonyesha kwamba alikuwa amelibishania hilo na kushindwa. Alituachia fomu mpaka Jumamosi ya mbele, mkutano wa dharura.

Sasa hapo ndipo nilipoona somo la uraia likitembea kwa miguu. Juma lile lote, lango likiwa limewekwa lakini bado bila kufuli, watu hawakungoja ghala. Kila alfajiri palepale kwenye ubao wa mto, mmoja akishuka na mwingine akipanda, walisimama. Walijadili ufunguo. Waliujadili wakitembea, walijadili wakiwa na sinia za mayai kichwani. Mtu wa buluu alirudi na hoja mpya. Wale wawili wa kijiji kimoja walisemezana tena, ili wapate kubishana. Sauti zilipanda mpaka kwa yule bibi wa ng'ombe wa Kakamega, na nasikia aliandika barua ya pili, lakini wakati huo tulikuwa na haki. Tulikuwa tunachagua mtu wa kuwatunzia lango lao.

Mwenyekiti aliutaka ufunguo ule kama mtoto anavyotaka filimbi. Alisema waziwazi kwamba ufunguo ni kitu cha ofisi, na ofisi ni mwenyekiti. Alikuja mpaka bondeni kwa motokaa ya mkubwa wake, akaiacha juu barabarani, akashuka na kofia yake kutusalimia mmoja mmoja kama mgombea. Aliteleza ubaoni. Tulimwopoa mtoni akiwa na kofia, lakini kiatu kimoja kilikwenda na maji kuchagua upande wake.

Jumamosi ghala lilijaa mpaka mashine za nyasi zikatolewa nje. Mwenyekiti alisimama akasema sifa za mtu wa kushika ufunguo: mwaminifu, mwenye nidhamu, asiyelewa, mwenye cheo kinachojulikana. Alizisema polepole, akingoja kila mmoja aone zinafanana na nani.

Yaya akainua mkono, safari hii kwa adabu kabisa.

"Mwenyekiti baba, kila jambo ulilosema ni la kweli. Nina swali dogo. Asubuhi unatoka wapi?"

"Kwangu. Nyumba ya nyuma ya mkubwa wangu."

"Na unakwenda wapi?"

"Nampeleka mkubwa ofisini mjini."

"Kwa njia ya bondeni?"

Kicheko kilianza benchi la mbele kikaenda mpaka mlangoni. Mwenyekiti akasema kwa ukali kwamba si lazima mwenye ufunguo apite.

"Basi utalifungua kutoka ndani ya motokaa?" yaya akauliza. "Utapiga honi lifunguke?"

"Mama, hili ni baraza, si sokoni!"

"Sokoni watu wanajua wanachonunua. Mimi nauliza tu: kati yetu sote, lango likichelewa, nani hana kazi kesho?"

Hakuna aliyemtaja. Watu wote waligeuza vichwa. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake.

Mtu wa buluu akasema, "Yeye ndiye wa kwanza alfajiri." Mwingine akasema, "Na jioni ni wa mwisho, anangoja vyombo vya chakula." Mmoja aliyempinga, mtu mkweli, akasema, "Lakini mguu wake? Akiugua?" Ikajadiliwa, ikakubaliwa mpwa wake awe na ruhusa ya kuuchukua. Mwingine akauliza vipi ukipotea. Ikajadiliwa. Hakuna aliyepiga makofi hata mara moja. Nadhani tulisahau.

Na mwenyekiti, hapa lazima nimpe haki yake, alivaa kofia, akaivua, akasema: "Mimi ningeweza. Lakini kweli sipiti huko." Akaketi. Mpaka leo nakihesabu kitendo hicho kuwa kikubwa kuliko hotuba zote nilizosikia baadaye kwa watu wenye kofia kubwa zaidi.

Likabaki lile neno: Cheo. Mzee alikuwa mpishi, na wenye bustani walijua wapishi. Fomu ikaletwa kwangu, na watu wote wakatazama penseli.

Nami nilikuwa na deni na yule mtu, deni la mstari mmoja. Nikaandika jina lake. Kisha kwenye mstari wa pili, kwa mwandiko ule ule wa kulalia, nikaandika: Msimamizi Mkuu na Mkaguzi wa Lango la Bonde.

"Hiyo yote ni mimi?" Mzee akauliza nilipomsomea.

"Bado, Mzee. Kuna kumbukumbu." Maana saa kumi na mbili ilikuwa bado inatukaba koo. Lango likifunguliwa saa kumi na mbili, chai imekwisha kuchelewa nusu saa na zaidi. Basi nikaandika, na baraza likakubali neno kwa neno, kwamba kwa usalama wa wenye bustani, Mkaguzi atalikagua lango kila siku kabla ya alfajiri, pande zote mbili, kuanzia upande wa Kileleshwa na kumalizia upande wa Parklands. Kwamba ukaguzi huo unaweza kuhitaji wasaidizi, idadi yao ikitegemea hali ya lango. Kwamba jioni ukaguzi utarudiwa kwa kuanzia Parklands. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulewa maneno, nikaongeza kwamba ukaguzi ni jambo la wakati, na Mkaguzi hatamsubiri mtu yeyote, awe mjumbe au asiwe.

Afisa alisoma yote. Alisoma tena ile sehemu ya pande zote mbili. Alinitazama, kisha akawageukia wajumbe.

"Je, mwaridhia?" akauliza mkutano, kisha akainua kidole haraka. "Tafadhali semeni kwa kinywa. Mmoja mmoja."

Tukasema mmoja mmoja. Iliwachukua watu muda, kwa sababu kila mmoja alitoa sababu yake, na mtu wa buluu alitoa mbili. Afisa aliandika zote. Akaitia fomu sahihi yake.

Wenye bustani walifurahi mno kusikia kwamba lango lao lina Mkaguzi. Nasikia waliwaambia hata wageni wao.

Jumatatu ya kwanza, saa kumi na moja kasoro, lango lile la kijani lilikuwa na wasaidizi wa ukaguzi kama harusi. Mayaya, wapishi, mtu wa buluu. Mzee alifika na ufunguo umefungwa kwa uzi shingoni, chini ya shati. Aliutoa, akauingiza, akageuza. Alilikagua lango upande huu kwa kuligusa kwa kiganja. Akapita. Akalikagua upande ule. Halafu akasimama pale akatuhesabu tukipita, mmoja mmoja, akitikisa kichwa kwa uzito wa ofisi.

"Haraka, haraka," akasema. "Maji hayajapanda jikoni."

Chai ya memsahibu ilifika mlangoni kwa wakati siku hiyo, na siku iliyofuata, na miaka yote mpaka familia ile ilipopanda meli na mbwa wao. Watoto wake Mzee walimaliza shule.

Mimi, juma la pili tu, nilichelewa. Nilikuwa nimelala Kileleshwa kwa rafiki na nilikuwa na barua ya haraka ya Parklands kabla ya ofisi. Nilifika nikaliona lango limekwisha kufungwa nyuma ya wasaidizi wa ukaguzi, na chini bondeni mgongo wa Mzee ukivuka ubao.

"Mzee!" nikaita. "Ni mimi! Karani!"

Akageuka. Alikuwa karibu, angeweza kurudi.

"Umechelewa dakika ngapi?" akauliza.

"Tano! Hata nne!"

Akafikiri. Niliona kabisa alikuwa akifikiri. "Mwanangu," akasema, "si wewe uliyeandika nisimsubiri mtu?"

"Niliandika kwa ajili ya wengine!"

"Jiko langu ni la kuni," akasema, "kuni hazijui karani." Akapanda zake upande wa Parklands, na mguu wake siku ile haukuonekana kuwa na shida yoyote.

Nilizunguka mji mzima na baiskeli. Mkuu wa ofisi aliniuliza barua imechelewaje. Nikamwambia ukweli, kwamba nimefungiwa njia na uamuzi halali wa baraza nililoliandikia mimi mwenyewe. Akaniambia nisimfanyie mzaha, akanikata mshahara wa saa moja.